Kunde za Nthenya

Daktari Peres Akeyo hakuwa mtu wa kuupita mmea wenye kiu. Ukimwalika ofisini kwako Westlands, kabla hajakaa atachomeka kidole kwenye udongo wa ule mmea mliouweka mapokezi kwa urembo, atakunja uso, kisha atafungua chupa yake ya maji ya kunywa na kuumwagia yote. Siku moja alikwenda Lavington kumwona rafiki aliyesoma naye chuo kikuu, na chai ilipokuwa ikichemka akatoka nje akapunguza matawi ya waridi bila kuulizwa na mtu. Mtunza bustani alinuna mpaka jioni, na alikuwa na haki ya kununa. Shem, mumewe, alizoea kusema kwamba yeye akizirai siku moja na ua la sebuleni, basi atulie tu sakafuni asubiri zamu yake.

Nakwambia haya mapema usije ukamdhania mama wa watu vibaya. Ubaya hakuwa nao hata wa dawa. Na bado alilolifanya, alilifanya.

Alizaliwa Ugenya, kwa mama mkulima. Alisoma kwa bidii ya mtu asiyetaka kurudi kushika jembe, halafu, ukiangalia, maisha yake yote akayatumia akiwa ameinama kwenye udongo. Alisomea Nairobi, akapelekwa Uholanzi akapata udaktari wake wa magonjwa ya mimea, akarudi kufanya kazi katika taasisi ya utafiti kando ya Waiyaki Way. Yeye na Shem walipanga nyumba Loresho, yenye uwanja mdogo nyuma. Binti yao wa pekee alikuwa ameolewa Kanada na alipiga simu Jumapili, akikumbuka. Nyumba ilikuwa imetulia kupita kiasi. Kwa hiyo Mwalimu Nashon, anayefundisha biolojia kwenye shule ya upili ya bweni iliyo chini kidogo ya kwao, alipokuja kumwomba awalee wanafunzi wa klabu ya sayansi, Peres aliitikia kabla mwalimu wa watu hajamaliza sentensi.

Alikuja kila Alhamisi baada ya masomo, na mandazi kwenye kontena. Watoto walimpenda, nawe ungempenda. Alijua kuwasikiliza, alicheka kwa sauti, hakumdharau aliyeuliza swali la kijinga. Shida yake ilikuwa mikono. Mtoto akishika kijiko cha mbolea vibaya, Peres alikichukua akampimia. Mtoto akichelewa kupandikiza miche, alikuta imepandikizwa, tena kwa mistari iliyonyooka. Mwalimu Nashon, mtu mpole sana, alijaribu kumwambia.

"Daktari, tuwaache wakosee kidogo."

"Si nimewaacha?"

"Kibe hajashika mbegu hata moja tangu tuanze. Sukuma wiki zake zote umezipanda wewe."

Peres alicheka, Nashon naye akacheka, na mambo yakaendelea vile vile.

Kisha akaja Nthenya. Alikuwa kidato cha tatu, mwembamba, mwenye miwani iliyoshikiliwa kwa gundi upande mmoja. Mama yake alifanya kazi mapokezi kwenye kliniki ya meno Westlands, na walikaa Kangemi. Alhamisi hiyo alifungua pindo la leso mbele ya Peres, na ndani mlikuwa na kunde ndogo, za rangi ya kahawia yenye madoadoa.

"Ni za susu, kule Kitui," alisema. Susu ndilo jina walilomwita nyanya yake, Mzee Kasyoki, mama wa mama. "Susu anasema hizi hazijui kiangazi. Ati ukizipanda mvua ikatoroka, zenyewe zinangoja."

"Susu anasema. Wewe unasemaje?"

"Mi nasema tuone."

Basi Peres alimpenda pale pale! Ndilo jibu alilokuwa akilitafuta kwa watafiti wenye shahada mbili mbili na halipati. Akanyoosha mkono kuzichambua zile kunde, na Nthenya akafunga leso.

"Aki, Daktari, wacha nifanye mwenyewe."

Hakuna mtoto aliyewahi kumwambia hivyo. Peres alirudisha mkono mfukoni, akaona raha, na pia akaona uchungu kidogo, kwa kuwa yeye ni binadamu.

Jaribio lenyewe lilikuwa rahisi. Nthenya alipanda kunde za susu kwenye makopo ya mafuta ya kupikia yaliyokatwa juu, kwenye meza ya kitalu cha shule, na kando yake akapanda kunde za kununua, za duka la pembejeo. Zilipofikisha majani ya kutosha, akaacha kuzipa maji kabisa. Kila asubuhi kabla ya gwaride aliyapima makopo kwa mizani ya jikoni aliyoiazima kwa mama, aone maji yanavyopungua, na akaandika namna majani yalivyo. Wenzake walimcheka. Wao walikuwa na mitambo ya jua na taa za kujiwasha, na huyu yuko na mboga. "Sasa hizo utapeleka mashindano ama utapika?" walimuuliza. Yeye aliinama akapima.

Nilisema walimcheka, lakini elewa alichokuwa anakitafuta. Hakikuwa kikombe tu. Tangu aingie shule ile, kila alichokipata watu walisema amesaidiwa. Karo alisaidiwa na kanisa, hiyo kweli. Vitabu alipewa na familia moja ya Loresho, hiyo nayo kweli. Alama zake nzuri za hesabu, wakasema mwalimu anamhurumia. Kunde hizi zilikuwa kitu cha kwanza ambacho kingesimama mbele ya watu kikiwa chake, na cha susu yake, bila mkono wa mtu. Alimwambia Peres hivyo hivyo siku moja wakiosha mikono bombani. "Nataka tu mtu aseme, hii ni ya Nthenya." Na akaongeza kwamba akimaliza shule atasomea mimea kama Daktari, ila yeye atakuwa daktari wa kunde. Peres alirudi nyumbani siku hiyo akimsimulia Shem mpaka Shem akaomba apumzishwe.

Kunde za dukani zilikauka upesi. Nthenya alizing'oa kama alivyopanga, akabaki na za susu peke yake mezani. Nazo zilikuwa zimelegea, majani yamejikunja, lakini zilikuwa hai. Ndipo ikaja likizo fupi ya katikati ya muhula, watoto wote wakaenda makwao, na hata mzee wa bustani ya shule akapewa ruhusa aende kwao. Sukuma wiki za Kibe zilikuwa meza ile ile, na zenyewe hazikuwa za kunyimwa maji. Peres akajitolea kuja kuzinyunyizia.

Alikuja Jumapili mchana akitoka kanisani, bado amevaa viatu vya kisigino. Alikuwa anazungumza kwa simu. Dada yake Everlyn alikuwa amempigia kuhusu mama yao, ambaye presha ilikuwa imempanda tena na sasa hakuweza kukaa peke yake kule Ugenya, na swali lilikuwa amchukue nani.

"Mimi niko na watoto wanne kwa nyumba ya vyumba viwili, Peres. Wewe uko na nani?"

"Everlyn, usinipigie kelele, niko shuleni."

"Shuleni Jumapili? Ya nani hiyo shule?"

Simu ameibana kati ya sikio na bega, mpira wa maji mkononi, na ule ubishi wa mtu na ndugu yake unampanda kichwani. Aliona majani yaliyolegea. Mkono ukaenda. Akamwagilia meza nzima, mwanzo hadi mwisho, sukuma wiki na kunde, udongo ukashiba. Kisha akafunga bomba, akamwambia Everlyn sawa, mama aje Loresho, na akaondoka akifikiria kitanda cha mgonjwa atakiweka chumba kipi. Umemwona? Yeye hakujiona.

Likizo ilipoisha, Nthenya alikuja mbio taasisini kwa Peres, na sare ya shule, akihema.

"Daktari, makopo yamekuwa mazito. Yote. Na majani yamesimama."

Hakuna siku mbaya zaidi ya ile Peres aliyokuwa nayo. Mama yake alikuwa amefika usiku uliopita kwa basi akitapika, na saa nne alikuwa na mkutano na wafadhili.

"Ni hiyo mizani ya jikoni, mama. Ilikaa kwenye baridi siku zote hizo."

"Lakini majani, Daktari?"

"Kunde hujiinua zikipata umande. Hizo namba za leo ziondoe. Andika mizani ilisumbua."

"Niandike tu hivyo?"

"Andika tu hivyo."

Wataalamu wana mazoea haya mabaya, na Peres alikuwa nayo miaka yote. Namba ikikataa kukaa kwenye mstari, wa kwanza kulaumiwa ni mizani. Mara nyingi ni kweli, ni mizani. Ndiyo maana mtu anazoea. Nthenya alisimama mlangoni kidogo, akiwa na sura ya mtu ambaye hajashawishika, lakini aliyesema ni daktari, tena Daktari wake. Akaenda akaandika.

Kunde za susu zikatoa maua. Maua ya zambarau, bila tone la maji tangu siku aliyoacha kuzipa, hivyo ndivyo walivyoamini. Mwalimu Nashon aliruka. Peres alipiga picha akamtumia binti yake Kanada. Nthenya aliomba simu ya Mwalimu, akampigia susu, akaweka sauti juu. Mzee Kasyoki alipiga vigelegele kule Kitui mpaka simu ikakoroma, halafu akauliza, "Wamesema ni zako?" Nthenya akajibu, "Watasema, Susu. Bado kidogo."

Mashindano ya kaunti yalifanyika kwenye ukumbi mmoja katikati ya jiji, si mbali na Moi Avenue. Watakaoshinda wangeenda ya taifa. Mama Nthenya aliomba ruhusa kazini akaja na kitambaa chekundu kichwani. Alisimama nyuma ya meza ya mwanawe, kati ya Peres na Mwalimu Nashon, akijipangusa viganja kwenye sketi. Nthenya alisimama mbele ya bango lake, miwani imetengenezwa sasa, na akaeleza. Wee, alieleza! Alianza na susu, akaja kwenye makopo, akaja kwenye kiangazi cha Kitui na watu wanaopanda mbegu za dukani wakavuna majani makavu. Watu waliokuwa wakipita wakasimama. Jaji mkubwa alikuwa Daktari Lenox, mtu wa chuo kikuu aliyefahamiana na Peres kwenye mikutano ya kazi, na unaweza kuona kwenye uso wake kwamba kazi imempendeza.

"Hapa katikati ya grafu kuna nafasi," akasema. "Siku hizi zimeenda wapi?"

"Mizani ilisumbua, sir."

"Kabla ya hapo majani yamelegea, baada ya hapo yamesimama. Ni kipindi gani hiki?"

"Ni ile likizo fupi, sir. Shule ilikuwa imefungwa. Hakukuwa na mtu."

Hakukuwa na mtu. Peres alisikia maneno hayo, na hapo hapo akakumbuka viatu vya kisigino vikizama kwenye matope ya kitaluni, na sauti ya Everlyn sikioni, na mpira wa maji. Akajua namba zile zilikuwa za kweli, mizani ilikuwa nzima, na msichana alikuwa amemwambia.

Sasa, katika kazi ya Peres kuna desturi, na ni desturi nzuri. Mkiwa mkutanoni ukagundua kosa katika kazi yako, hungoji. Unanyoosha mkono, unasema mbele ya wote, na watu wanakuheshimu. Yeye mwenyewe aliwahi kufanya hivyo Uholanzi, mzungu mmoja mzee akaja kumshika mkono. Kwa hiyo mkono ukanyooka. Hakumgusa Nthenya bega. Hakumtazama mama yake. Hakusema, samahani, naomba dakika moja na mwanafunzi.

"Waheshimiwa majaji, naomba nirekebishe jambo," alisema, kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima. "Kunde hizi zilipata maji wakati wa likizo. Nilizimwagilia mimi, kwa bahati mbaya. Na mimi ndiye niliyemwambia aseme ni mizani. Matokeo haya hayawezi kusimama."

Nthenya aligeuka. Alimtazama Peres vile mtu anavyomtazama aliyemshika mkono wakivuka barabara, halafu akamwachilia katikati.

Na ujue jambo moja, ambalo Peres hajawahi kumwambia mtu isipokuwa Shem. Wakati ule, akiwa bado amesimama, alijisikia mwepesi. Alijisikia msafi. Alijiona mwanasayansi kweli kweli. Jambo hilo linamuuma kuliko ule mpira wa maji.

Majaji waliinamisha vichwa wakanong'ona. Sheria ilikuwa wazi, kazi iliyoguswa na mtu mzima inaondolewa. Daktari Lenox akatangaza hivyo kwa upole, kisha akasema kwamba wasiondoke kabla hawajajifunza kitu, kwani wameona mfano adimu wa uaminifu, na akaomba Daktari Peres apigiwe makofi. Ukumbi ukapiga makofi. Watu waligeuka kumwangalia, wengine wakisimama. Mbele yao, Nthenya alikuwa akibandua bango lake, pembe moja baada ya nyingine, asilirarue.

"Asante kwa kusema ukweli, Daktari," alisema Mama Nthenya. Alisema kwa ile sauti yake ya mapokezi, ya kumwambia mgonjwa kwamba daktari atachelewa.

Mwalimu Nashon alingoja mpaka wako peke yao nje, karibu na magari.

"Ungemvuta kando kwanza."

"Nashon, hiyo ingekuwa kuficha."

"Dakika moja si kuficha." Alifungua mlango wa basi la shule, akaufunga tena. "Yeye ndiye alikuwa anaulizwa swali. Si wewe."

Shuleni habari ilifika kabla ya basi. Na habari ikifika shule, haifiki ilivyotoka. Kufikia mwisho wa juma, hakuna aliyekuwa anakumbuka bahati mbaya wala simu ya Everlyn. Walichokumbuka ni kwamba kunde za Nthenya zilikuwa kazi ya Daktari, kwamba Daktari alikuwa akija Jumapili kumfanyia, na kwamba yeye aliwadanganya majaji mbele ya macho yao ati mizani imeharibika. Wakampa jina la Mvua. "Mvua, niaje? Leo utanyesha?" Walimwita hivyo kwenye foleni ya chakula, kwenye mabweni, na kuna mwalimu mmoja alijisahau akamwita hivyo darasani. Nthenya aliacha kuja klabu. Alipoulizwa anataka kusomea nini, akasema uhasibu.

Peres alijua yote haya, maana Mwalimu Nashon alimweleza. Unadhani alifanya nini? Ungedhani angekwenda Kangemi likizo ikifika, akakaa kwenye kochi la Mama Nthenya, akasema, mwanangu, nimekukosea. Maneno mawili tu. Alitaka. Mara mbili aliwasha gari. Lakini aibu ilimshika miguu, na mtu msomi akiona aibu hukimbilia anachokijua. Akajiambia, ngoja kwanza nijue ukweli wa kunde. Nikiwa na ukweli mkononi, nitakuwa na la kumpelekea.

Kunde chache zilikuwa zimebaki taasisini, alizopewa na Nthenya mwanzoni azihifadhi kwenye baridi. Alizipanda kwenye nyumba ya kioo ya taasisi, na safari hii alifunga mlango kwa kufuli na kumwachia ufunguo mwenzake, asiingie mtu yeyote, na yeye Peres wa kwanza. Mizani ilikuwa ya kujiandika yenyewe. Alipanda za susu, akapanda za dukani, akapanda aina nyingine alizoziomba kwa wenzake. Nyumbani mama yake alimwuliza, kwa Kiluo, ni kitu gani kinamkondesha hivyo, naye akajibu ni kazi tu. Ilichukua karibu muhula mzima na likizo yake. Za dukani zikafa. Hizo nyingine zikafa. Za susu zikalegea, zikajikunja, zikangoja, na bila tone moja la maji zikatoa maua.

Peres alicheza peke yake kwenye korido ya taasisi. Aliandika ripoti, akaichapisha kwa rangi, akaendesha gari hadi shuleni moyo ukimdunda kwa furaha.

Alimkuta Nthenya ameketi kwenye ngazi za nje ya maabara, na kitabu cha hesabu mapajani. Alikuwa ameongezeka kimo.

"Nthenya, mama. Habari ya siku nyingi?"

"Mzuri, Daktari." Alisimama kwa heshima, akapisha nafasi.

"Nimekuletea habari njema. Susu alisema kweli. Na wewe ulikuwa sawa, tangu mwanzo." Akampa ripoti.

Nthenya aliketi akaisoma. Hakurukaruka, alisoma ukurasa kwa ukurasa, kidole kikifuata mistari. Penye grafu alisimama muda, na Peres akaona ule uso wa zamani unarudi, nyusi zimepanda juu ya miwani.

"Hapa mbona uzito unashuka polepole hivi? Si hizi zingine zimeshuka mara moja?"

"Zinafunga majani mapema. Nilipima pia—"

"Ulipima saa ngapi?"

"Mizani inajipima yenyewe, usiku na mchana."

"Ah." Kidole kikaondoka kwenye karatasi. "Ulizipanda lini, Daktari?"

"Mara tu baada ya yale mambo ya mashindano."

Nthenya alitikisa kichwa polepole, akihesabu miezi.

"Kwa hivyo wakati mi nilikuwa naitwa Mvua, zilikuwa zinaota huko kwako. Hapo tu juu ya barabara."

"Nilitaka kuwa na hakika kwanza, mwanangu. Sikutaka kukupa matumaini ya bure."

"Siku ile pia hukuniambia kwanza." Hakupandisha sauti, angepandisha ingekuwa nafuu. "Ungeniambia, ningewaambia mwenyewe. Ningegeuka tu niseme, sir, nimekosea, zilipata maji. Mdomo niko nao. Kwani ulifikiri nitakataa?"

Ukweli ni kwamba Peres hakufikiri. Haikumpitia akilini hata kidogo kwamba msichana yule angeweza kuwa mwaminifu mwenyewe, kwa mdomo wake, na makofi yale yakawa yake.

"Nisamehe," alisema. Maneno yalitoka madogo, na yalikuwa yamechelewa sana. "Nisamehe sana, Nthenya. Lakini hii tunaweza kuirekebisha. Tutaituma kwenye jarida. Nitaweka jina lako. La kwanza kabisa, kabla ya langu. Watu wote wataona."

Nthenya aliisawazisha ile ripoti kwa goti lake, kingo zikalingana, akamrudishia kwa mikono miwili.

"Wataona nini, Daktari? Mi sijapanda hata mbegu moja ya hizi. Mpaka sasa wakisema nilifanyiwa, nilikuwa najua wanadanganya. Nilikuwa na hiyo." Alichukua kitabu chake cha hesabu. "Ukiweka jina langu hapo, watakuwa wanasema ukweli."

Kengele ikalia. Aliaga vizuri, akauliza hali ya mama yake Peres, akapanda ngazi kwenda darasani.

Shem alikuwa barazani na mkwewe wakinywa chai gari lilipoingia. Aliona ripoti bado iko mkononi mwa mke wake.

"Vipi, amefurahi?"

Peres alikaa bila kuvua koti. Mama yake alimsogezea kikombe, hakukigusa.

"Nimemfanyia tena, Shem," alisema, na akaanza kulia mbele ya mama yake.